Kalamu ya Marehemu Mikuriya

Juni 7

Idara ya hewa imetangaza asubuhi hii kwamba masika yameingia rasmi Osaka. Yalikuwa yamekwisha kuingia bila tangazo. Viatu vyangu ni mashahidi. Nimeazimia kuandika shajara hii kwa msimu mzima, kwa sababu Profesa Hatakeda, mhariri wa katalogi ya maonyesho ya kalamu yatakayofanyika Tokyo baada ya joto kupungua, amenikabidhi sura nzima niiandike, nami nataka mkono wangu uzoee sentensi zilizonyooka. Aidha, mtu mwenye shahada ya historia ya viwanda aliyeajiriwa kupangusa vumbi la kalamu kuukuu anahitaji mahali pa kujikumbusha kwamba alisoma.

Sura yangu inahusu kalamu za wino za Asagiri zisizo na kifuniko, ambazo nibu zake, zile ncha za chuma za kuandikia, hutoka na kurudi ndani kama kichwa cha kobe. Kiwanda cha Asagiri kilifungwa kabla sijazaliwa na kumbukumbu zake ziliteketea kwa moto, hivyo umri wa kila kalamu sharti usomwe kwenye kalamu yenyewe. Mwili wake hutoa ushahidi wa kwanza: kalamu za mwaka wa kwanza, yaani mwaka wa 38 wa enzi ya mfalme Showa (1963), hutoa nibu kwa kuzungushwa mkia, za miaka iliyofuata hubofywa kitufe. Ushahidi wa pili hutolewa na kiini, kile kijibomba cha ndani chenye nibu na wino. Viini vya mwaka wa kwanza havina alama yoyote. Vilivyofuata vimegongwa mwaka ubavuni. Ugumu uliopo ni kwamba kiini chochote huingia katika mwili wowote, na watu wamekuwa wakivibadilisha kwa zaidi ya nusu karne.

Mzee Tsujikawa, mwenye duka ninamofanya kazi, huifupisha elimu hiyo yote hivi: "Mwili na kiini wakitaja mwaka mmoja, hiyo ndoa. Wakitofautiana, kuna hawara ndani ya nyumba."

Kila kalamu ya kuzungusha niliyopata kuifungua imekuwa na hawara. Profesa amenipa ahadi: nikimpelekea ndoa moja ya mwaka wa kwanza, picha yake itafungua sura, na jina langu litakaa chini ya picha hiyo.

Juni 8

Mvua.

Juni 10

Mvua. Kuvu imeota kwenye mkoba wa ngozi niliopewa na wazazi siku ya mahafali.

Juni 13

Kabla ya adhuhuri aliingia bibi mmoja mfupi, mwavuli wake ukimwaga maji hadi chini ya kabati la vioo. Hakuanza na salamu.

"Nani hapa anaelewana na wazee wakaidi?"

"Mimi mwenyewe mzee mkaidi, mama," alijibu Mzee Tsujikawa bila kuinua macho, "lakini mke wangu anasema hajapata kunielewa."

"Basi si wewe. Na yule pale?"

"Yule ana shahada. Anaelewana na vitabu."

Bibi akafungua leso juu ya meza. Ndani yake palikuwa na kalamu nyeusi ya Asagiri. Nilitazama mkia wake kabla ya kumtazama mwenye nayo usoni: ulikuwa wa kuzungusha.

Anaitwa Bi Mikuriya, anakaa Sumiyoshi. Kalamu ilikuwa ya mumewe, aliyefariki Julai ya mwaka jana.

"Inagoma," alisema. "Ukiishika kama watu wanavyoshika kalamu, hata tone haitoi. Mpaka uishike alivyoishika mwenyewe." Akatuonyesha: kalamu imelazwa kati ya kidole cha kati na cha pete, kidole cha shahada kimekunjwa pembeni. Ncha ya kidole hicho cha mumewe ilichukuliwa na mashine ya kiwandani angali kijana. "Nikiishika hivi, inaandika. Nikiishika kistaarabu, inanuna. Ndivyo alivyokuwa na yeye."

"Tunaweza kuirekebisha nibu, mama," nilisema.

"Nani kakwambia irekebishwe? Isafishwe tu. Wino wa mwaka jana umegandia humo. Tarehe kumi na tisa mwezi ujao tunamfanyia kumbukumbu ya mwaka, nataka niandike nayo kadi za majina ya wageni."

"Kusafisha," Mzee Tsujikawa akanigeukia. "Umesikia, Msomi? Ku-sa-fi-sha."

Alipoondoka niliifungua. Mwili ni wa mwaka wa kwanza, safi, haujapasuka popote. Lakini kiini kina nambari 44 ubavuni. Mwaka wa 44 wa Showa. Hawara mwingine, tena aliyeingia miaka sita baada ya nyumba kujengwa. Nambari zenyewe zimekaa mshazari na nne ya pili imeshuka kuliko ya kwanza. Pengine mashine ya kugongea ilikuwa imechoka.

Nilikaribia kulia kwa hasira.

Juni 14

Katika sinia la vipuri kuna kiini kisicho na alama yoyote, kilichotolewa kwenye mwili uliovunjika. Ni kiini cha mwaka wa kwanza kisicho na nyumba. Mezani kwangu ipo nyumba ya mwaka wa kwanza yenye mgeni ndani. Naliandika hili kama taarifa tu.

Juni 15

Mzee alikwenda hospitali kwa ajili ya magoti yake. Nilikisafisha kiini cha Bi Mikuriya kwa uangalifu, kisha nikakiweka kwenye sinia la vipuri, nikakitia kile kisicho na alama ndani ya kalamu yake. Kiliingia na kutulia. Nilipiga picha mchana kutwa, mwanga wa mvua ukiwa laini kama unavyotakiwa.

Hoja zangu ni hizi. Nimeirudisha kalamu katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Kiini nilichomtilia kinathaminiwa na wakusanyaji kuliko alichokuja nacho. Nibu yake inaandika vizuri mno. Kwa hiyo sijamnyang'anya mtu kitu, nimempa.

Nimezisoma hoja hizo mara kadhaa na sijaona kasoro katika mpangilio wake.

Juni 17

Bi Mikuriya ameichukua kalamu.

"Imesafishwa?"

"Imesafishwa, mama."

Neno hilo halikuwa uongo. Niliisafisha kweli.

Juni 18

Profesa Hatakeda amepokea picha na amepiga simu mwenyewe, badala ya kuandika barua. "Bwana Kusunose, umetuheshimisha. Nina miaka thelathini naitafuta ndoa hii." Kisha akauliza, kwa ule upole wake wa kitaalamu, kama nina hakika kwamba kiini hakijabadilishwa.

Nilimjibu: "Imetoka moja kwa moja mikononi mwa familia, Profesa."

Kila neno katika sentensi hiyo ni kweli. Sikujua kwamba sentensi inaweza kujengwa kwa matofali ya kweli tupu na bado ikawa nyumba ya uongo.

Juni 20

Mvua. Nguo hazikauki.

Juni 22

Gulio la hekalu la Shitennoji. Nilimsindikiza Mzee, maturubai yakivuja juu ya meza zote, wauzaji wa vyombo na kimono kuukuu wakigombea mahali pakavu. Alikuwa amebeba sinia la vipuri. Fundi Sakabe wa Kobe, mnoaji wa nibu, alilinunua lote bila kuchagua.

Nilihisi wepesi mwilini. Nikausherehekea wepesi huo kwa bakuli la tambi baridi.

Juni 27

Sikutegemea kumwona Bi Mikuriya tena kabla ya vuli, kama si kutomwona kabisa. Amekuja leo na boksi la jeli ya maharage mekundu.

"Mwanangu, nimekuja kukushukuru, halafu nikugombeze."

"Anza na kugombeza, mama," alisema Mzee Tsujikawa. "Shukrani zitamvimbisha kichwa, na mlango wetu mwembamba."

Akaketi, akaweka kalamu mezani mbele yetu. "Inaandika! Nimeishika hivi, ikaandika. Nikaishika vile, ikaandika. Nikasema ngoja nijaribu mkono wa kushoto, ikaandika. Inateleza tu kama samaki."

"Na hilo ni jema au baya, mama?" Mzee aliuliza. Alinitazama mara moja tu, kwa pembe ya jicho.

"Ndilo nililokuja kuuliza. Mwaka mzima, nikiandika ya kwenda kununua sokoni, ilibidi nikunje vidole kama yeye. Vitunguu, tofu, dawa ya mbu, vyote kwa mkono wake. Nilikuwa namtukana: wewe baba, hata kufa hujafa vizuri, bado unanifundisha kushika kalamu! Sasa hanifundishi tena. Mtawa wa hekalu letu anasema kumbukumbu ya mwaka ikikaribia, marehemu hulegeza mkono. Basi amelegeza. Nimempigia simu binti yangu Nagoya, nimewapigia mashemeji. Nimewaambia, mzee ameondoka. Ameondoka salama."

Akatabasamu, tabasamu la mtu anayesifia nguo isiyomkaa.

"Nilidhani kuondoka kutakuwa na kishindo kidogo. Kumbe ni kama mtu kutoka dukani."

Nilitaka kusema. Nashuhudia mbele ya karatasi hii kwamba nilifungua kinywa. Kilichotoka ni: "Nibu za Asagiri zikisafishwa vizuri hurudi katika ulaini wake, mama."

"Mikono yako ina baraka," alisema, akanishika vidole gumba vyote viwili, kama mtu anayepima uzito wavyo. Akaenda zake mvuani.

Mzee Tsujikawa alilisukuma mbele yangu lile boksi la jeli. "Kula, Msomi. Ni zako. Umezitolea jasho."

Juni 28

Sikuzila. Mzee amezimaliza.

Julai 1

Mvua. Nimeandika kurasa nne za sura yangu na ni nzuri. Nikizisoma kwa sauti nasikia mtu ninayemheshimu akizungumza, kisha nakumbuka ni mimi.

Julai 4

Leo naandika kwa kirefu.

Bi Mikuriya aliagiza wino kwa simu, na magoti ya Mzee hayapandi ngazi za stesheni, hivyo nilitumwa mimi Sumiyoshi. Nyumba ni ya mbao, imebanwa kati ya dobi na duka la baiskeli. Nilikuta kadi za majina zimetandazwa mkekani zikauke. Hewa ya masika haikaushi wino. Majina yaliandikwa kwa mwandiko mzuri, wa kawaida kabisa. Kwenye kabati la ibada palikuwa na picha ya mzee mwenye masikio makubwa, na mbele yake kikombe cha chai inayofuka.

"Anaipenda ya moto," alisema. Kisha akajisahihisha. "Aliipenda."

Akanitilia na mimi. Nilipokuwa nikimjazia kalamu wino, aliinama karibu, akashusha sauti kama mtu anayetaka kusengenya.

"Wewe ulipoisafisha, ulimwona?"

"Nilimwona nani, mama?"

"Mimi!" Akacheka akajipiga paja. "Hukuniona humo ndani? Nne mbili?"

Nadhani nilisema ndiyo.

"Aliinunua kwa bonasi yake ya kwanza, mwaka tuliochumbiana. Nilimwambia, niandike jina lako juu yake? Akasema la, andika lako. Lakini akaona haya, wenzake kiwandani wangemcheka mwaka mzima. Basi akachukua sindano akakwaruza ndani, mahali pasipoonekana. Nne na nne. Mtu akiuliza, anasema ni nambari ya kabati lake la nguo kiwandani. Nne ya kwanza isome *yo*. Ya pili isome *shi*."

Yoshi. Ndilo jina lake. Nne kwetu hutamkwa *yo* au *shi*, na *shi* ni kifo pia.

"Mama mkwe alipoiona alipiga kelele: nne mbili, *shi* na *shi*, kifo na kifo, unamletea mkosi bibi harusi! Akamjibu mamake, ndiyo, mpaka kifo. Mara mbili, ili asikie vizuri." Akafuta machozi ya kicheko. "Hayo ndiyo maneno ya mapenzi niliyopata, mwanangu. Hakuongeza mengine."

Nilizoea kuona nambari mbili ubavuni mwa kitu nikaziita mwaka. Hatuna nambari mbili nchini hapa ambazo hatuzifanyi mwaka wa Showa. Nilikuwa nimeziona ziko mshazari. Nilikuwa nimeiona nne ya pili imeshuka. Niliandika humu, kwa mkono wangu, kwamba mashine ilichoka. Hazikugongwa na mashine yoyote. Kiini kile hakikuwa na alama ya kiwanda hata moja. Maana yake ni cha mwaka wa kwanza, na kilikaa katika mwili wake tangu siku ya bonasi ile. Ndiyo ndoa ambayo Profesa ameitafuta miaka thelathini. Niliishika mkononi nikaivunja ili nipate picha yake, na hawara aliyemo ndani sasa nimemleta mimi.

"Vidole vyangu havifungui tena," alisema, akinisogezea kalamu. "Hebu nifungulie nijione."

"Kifaa cha kufungulia nimekiacha dukani, mama."

Hakuna kifaa cha kufungulia. Inafunguliwa kwa mkono.

"Basi njoo nacho tarehe kumi na tisa. Utakula nasi. Nataka nimwonyeshe binti yangu jina hilo, hajapata kuliona." Akanipa mwavuli wa marehemu, kwa kuwa wangu umevunjika ubavu. Niliubeba umefungwa hadi stesheni, mvua ikininyea.

Julai 5

Nilimwomba Mzee Tsujikawa anwani ya Fundi Sakabe. Hakuuliza sababu. Aliandika, akashikilia karatasi.

"Kilikuwa kwenye sinia, eh?"

"Ndiyo, Mzee."

"Niliona nibu ya yule mama siku alipoleta jeli. Nikasema ngoja, kijana ana mdomo, atasema." Akaiachia karatasi. "Nimewaona washenga wengi maishani mwangu. Wewe ndiye wa kwanza kufungisha talaka."

Nilitamani acheke baada ya kusema hivyo. Hakucheka.

Julai 6

Karakana ya Sakabe haipokei simu.

Julai 8

Kobe. Fundi Sakabe ni mtu mkunjufu, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kwenye paji. Alikikumbuka kiini mara moja.

"Kile cha nne mbili! Karibu ndugu yangu, kaa. Kilikuwa na nibu iliyolika upande mmoja kama soli ya kiatu cha mlevi. Sijui mwenye nayo alikuwa anaandika akining'inia kwenye mti?" Akakitoa katika kisanduku cha pamba. "Nimeipiga jiwe siku mbili. Tazama sasa. Hata mtoto mchanga anaandika nayo."

Niliijaribu kwenye karatasi. Kati ya kidole cha kati na cha pete, kidole cha shahada kimekunjwa. Iliandika. Niliishika kistaarabu. Iliandika vile vile.

"Umeona?" alisema, akisubiri.

"Kazi nzuri sana, fundi," nilisema. "Asante."

Nambari zipo ubavuni. Kwa kioo cha kukuzia unaona mahali sindano iliposita kabla ya kuanza nne ya pili.

Julai 10

Mvua. Naiandika hapa njia iliyo wazi mbele yangu, ili nisijidai baadaye kwamba sikuiona.

Kiini nimekipata. Tarehe kumi na tisa atanipa kalamu niifungue. Vidole vyangu ni vyepesi. Kubadilisha kiini huchukua muda wa kukohoa. Atajiona, binti atamwona, watacheka juu ya mama mkwe. Kalamu itakuwa ndoa halisi kuanzia dakika hiyo, na picha yangu ya Tokyo itakuwa imesema kweli kwa kuchelewa kidogo. Hakuna atakayepungukiwa na kitu anachokijua.

Nimeitafuta kasoro ya njia hii kama nilivyofundishwa kutafuta. Kasoro ni kwamba ni ile ile ya Juni 15, imevaa nguo za toba. Na uongo wa kuondoka kwa marehemu utabaki. Ataendelea kuwekewa chai na mtu anayejisahihisha.

Hata hivyo naitamani.

Julai 12

Mvua.

Julai 13

Mvua. Mzee hajaniita Msomi tangu tarehe tano. Ananiita Kusunose.

Julai 15

Imefika nakala ya majaribio kutoka Tokyo. Picha inafungua sura, ukurasa mzima, mwili mweusi umelala kwenye hariri ya kijivu. Chini yake: *Asagiri ya mwaka wa kwanza, mwili na kiini vikiwa havijatengana. Utafiti na picha: Kusunose Haruomi.* Nilikuwa sijapata kuliona jina langu likiwa limechapwa. Nililisoma mara nyingi. Ni kama kuliona kwenye mlango wa nyumba ya mtu mwingine.

Profesa anataka saini ya idhini ifikapo tarehe ishirini.

Julai 17

Mvua kubwa. Treni za kampuni ya Nankai zimesimama kwa muda.

Julai 18

Nimepiga pasi suti nyeusi. Nimekitia kiini katika mfuko wa ndani, nikakitoa, nikakitia tena. La kuvunda halina ubani.

Julai 19

Kwanza lililo rahisi: saa kumi na moja jioni nimempigia simu Profesa Hatakeda. Picha imeondolewa. Sura atapewa mwingine. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ningependelea ungelikuwa umekosea tu, Bwana Kusunose." Kisha akakata kwa adabu.

Sasa la asubuhi.

Nilifika mapema. Wageni walikuwa wanavua viatu mlangoni, mashemeji watatu wenye masikio makubwa, binti wa Nagoya na watoto wake, majirani. Bi Mikuriya, amevaa kimono cheusi, alinivuta jikoni kati ya masufuria.

"Umekuja na kifaa chako? Haraka, mtawa anakaribia kufika. Nijione mara ya mwisho."

"Kwa nini ya mwisho, mama?"

"Leo tunayapeleka majivu makaburini. Nimeamua iende naye." Aliitoa kalamu ukosini. "Nilikuwa nimeificha kwa ajili yangu. Lakini ameshaachia, sasa naing'ang'ania ya nini? Kalamu isiyo na mwenyewe ni chuma tu."

Aliiweka kiganjani mwangu, kisha akageuka kuzima jiko chini ya sufuria ya kunde. Mgongo wake ulikuwa kwangu. Kiini kilikuwa mfukoni. Muda wa kukohoa.

Nilizungusha mkia, nikaifungua kalamu. Nikatoa kiini kilichokuwamo, nikakishika mkono wa kushoto. Nikatoa cha mfukoni, nikakishika mkono wa kulia. Nikabaki nimesimama na viini viwili kama mtu aliyebeba mayai, mpaka alipogeuka.

Alitazama mkono mmoja. Akatazama mwingine.

"Mbona viko viwili?"

Nilimweleza. Nilijaribu kuanza na Profesa, nikaona sentensi inajipamba, nikaikata. Nilisema: nilikitoa cha baba nikatia kingine, kwa sababu nilitaka picha. Nibu iliyoteleza si yake. Hakuachia chochote, mama. Yeye alikuwa kwenye sinia, kisha Shitennoji, kisha Kobe.

Hakupiga kelele. Alichukua kiini cha mkono wa kulia akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakizungusha mpaka akajiona. Midomo yake ilisoma: yo, shi.

"Kitie."

Nilikitia. Alivuta bahasha iliyokuwa juu ya meza, akaishika kalamu alivyoishika mumewe, akaandika *vitunguu*. Akaishika kistaarabu, akaandika *vitunguu*. Akasubiri kidogo, kama mtu aliyeuliza swali.

"Hainuni."

"Mnoaji wa Kobe aliinyoosha kabla sijafika, mama. Hairudi tena ilivyokuwa."

"Jina limerudi," alisema, "mkono haukurudi." Akaifunga kalamu mwenyewe, ikachukua muda mrefu, sikuthubutu kumsaidia. Akaisokomeza ukosini. "Hii haiendi makaburini. Haiendi popote."

Niliinama hadi paji likagusa sakafu. Niliomba radhi kwa maneno yote niliyofundishwa.

"Inuka, unanizibia njia." Kengele ya mtawa ilisikika mlangoni. "Mimi niliwapigia simu wote hawa nikawaambia ameondoka. Shemeji mkubwa alilia kwenye simu, mtu wa miaka themanini na minne. Sasa mimi nitawaambia nini? Kwamba nilidanganyika na kijibomba?" Alinisukuma begani kwa vidole viwili. "Wewe ndiye mwenye maneno. Nenda ukawaambie amerudi."

Chumba kilikuwa kimejaa. Mtawa alikuwa anatandaza vazi lake, akasimama kunitazama. Nilipiga magoti kizingitini. Kwenye kabati la ibada chai ilikuwa inafuka.

Nilisema: "Mzee Mikuriya hakuondoka. Nilimwondoa mimi."

Mvua ilikuwa inapiga bati la duka la baiskeli. Nyuma yangu, toka jikoni, nilisikia sauti ya Bi Yoshi.

"Sema tena, kwa nguvu. Shemeji mkubwa hasikii vizuri."

Nikasema tena.